Vitafunwa vya paka visivyochafua tumbo: nitumie samaki gani, boga kiasi gani?

Binti Shangani
Wakuu, habari za jioni. Nipo Mtwara mjini, naomba ushauri kwa wanaojua. Nina paka jike, miaka 3, kilo 4. Anakula ugali laini uliochanganywa na samaki, na asubuhi anapata maziwa ya ng'ombe nusu kikombe. Wiki mbili hizi choo chake kimekuwa kama uji. Anakula vizuri, hatapiki, hakuna damu. Nataka kumtengenezea vitafunwa vya kusaidia tumbo, nafikiria dagaa wakavu, boga na mtindi. Sina oveni, napikia mkaa. Naomba vipimo, na vya kuepuka pia.

Mzee wa Mikindani
Binti, anza na maziwa kabla ya kitu kingine. Paka akishaacha kunyonya, uwezo wake wa kusaga sukari ya maziwa hupungua sana. Sukari hiyo ikifika utumbo mpana haijasagwa, inavuta maji na bakteria wanaichachusha, ndiyo huo uji unaouona. Kata maziwa siku 5, mwekee maji safi, na usimwanzishie chakula kipya siku hizo. Ukibadili mambo matatu kwa mpigo hutajua lipi limemponya.

Ugali nao uwe kidogo, samaki wawe wengi. Paka ni mla nyama. Maji uliyochemshia samaki usiyamwage, mchanganyie kwenye chakula. Taurini, ambayo moyo na macho ya paka huitegemea, huyeyukia humo. Ila yasiwe na chumvi, kitunguu wala kitunguu saumu. Vitunguu vyote viwili huvunja chembe nyekundu za damu ya paka, viwe vibichi au vimepikwa.

Jiko la Msangamkuu
Vipimo hivi hapa, vinatosha sufuria moja ya kipenyo cha sentimita 22: minofu ya changu iliyochemshwa gramu 100, boga lililopondwa vijiko 2 vya chakula, kiini cha yai 1, unga wa mchele vijiko 2 vya chakula. Basi. Hakuna chumvi, mafuta wala tui.

Samaki achemke dakika 10 hadi 12, apoe, kisha mchambue kwa vidole, si kwa uma. Uma unapita juu ya mwiba, kidole kinaukuta. Boga lichemshe bila kitu, lichuje mpaka lisidondoshe maji. Changanya vyote, ukibonyeza donge lisinate mkononi. Tandika sufuria jani la mgomba lililopitishwa motoni, sambaza donge unene wa nusu sentimita, chora mistari kwa kisu upate vipande vya sentimita 1. Funika, makaa machache chini na mengi juu ya mfuniko, kama mkate wa kumimina. Dakika 25, geuza, kisha dakika 15 nyingine kwa moto uliofifia ili vikauke.

Kila kipande hakifiki kalori 1. Paka wa kilo 4 anahitaji kama kalori 200 kwa siku, na vitafunwa visizidi sehemu moja ya kumi. Kwa hiyo 20 ndio mwisho. Anza na 5.

Pwani ya Lindi
Vipimo ni vizuri, lakini tusimpe dada matumaini yasiyo sahihi. Vijiko 2 vya boga ukivigawa kwa vipande 300, katika vipande 20 anapata gramu 2 tu za boga. Nyuzinyuzi hizo haziwezi kurekebisha choo. Boga la kutibu lipewe peke yake: kijiko 1 cha chai, limechemshwa na kupondwa, ndani ya chakula, mara moja kwa siku, baada ya hizo siku 5 za kukata maziwa. Likizidi, nalo linaharisha. Faida ya kitafunwa hiki ni kwamba hakina cha kumchafua tumbo.

Mtindi hivyo hivyo. Ukiuoka, bakteria wake wanakufa. Choo kikishashika, jaribu nusu kijiko cha chai, baridi, usio na sukari. Kikilegea tena, acha kabisa.

Kuhusu samaki: dagaa wa bahari wa huku kwetu huchemshwa kwa maji ya chumvi kabla ya kuanikwa. Loweka nusu saa, badilisha maji mara 2, kisha chemsha. Dagaa wabichi usimpe, wana kitu kinachoharibu vitamini B1, moto unakimaliza. Vibua na jodari waliopigwa na jua ni jambo jingine: sumu inayojijenga samaki hao wakikosa barafu haiondoki kwa kupika. Na bunju, yule samaki anayejivimbisha kama mpira, asiingie jikoni kabisa, sumu yake inaua na haisikii moto.

Mdau Nachingwea
Samahani kwa kudandia uzi. Dume langu linaenda kwenye mchanga mara kwa mara, linajikamua, halitoi kitu. Boga hili litamlegeza choo?

Mzee wa Mikindani
Ndugu yangu, usimpe boga. Angalia kwanza kama anakojoa. Paka dume njia yake ya mkojo ni nyembamba, ikiziba anajikamua vilevile kama aliyefunga choo. Akitoa tone tone, akilia, au tumbo la chini likiwa gumu kama chungwa, mpeleke kwa daktari wa mifugo leo hii, usingoje kesho. Na paracetamol usithubutu, inaua paka.

Binti Shangani
Nimerudi, leo siku ya 8. Maziwa nimekata, boga naendelea nalo, choo kimeshika umbo. Shida ni vitafunwa: chini vimeungua, katikati vibichi, na vingine vimekuwa unga nilipovikata.

Jiko la Msangamkuu
Chini kuungua ni makaa mengi upande wa chini. Acha vipande 4 au 5 tu, vimeshika majivu. Ubichi wa katikati ni boga lenye maji au donge nene. Boga lifunge kwenye kitambaa safi ulikamue. Kusagika ni kwa sababu ulikata vikiwa vimepoa. Mistari chora mapema, tenganisha vikiwa bado vuguvugu. Vilivyoungua tupa, usimpe.

Binti Shangani
Asante sana. Sina jokofu, vitakaa siku ngapi kwenye kopo?

Pwani ya Lindi
Kwa unyevu wa pwani, siku hiyo hiyo tu, dada. Vinaonekana vikavu lakini ndani ni samaki na yai. Oka robo ya kipimo: minofu gramu 25, kiini robo, boga na unga nusu kijiko cha chakula kila kimoja, kwenye sufuria ndogo. Ukipata jokofu la jirani, siku 3. Viache vipoe kabisa kabla ya kufunika, vya moto hutoa jasho na ukungu unaanza hapo. Halafu, kama anawinda panya, muulize afisa mifugo wa kata dawa ya minyoo. Kwa paka wa namna hiyo ni kila miezi 3.