Wakuu, watu wanapenda nini hasa kwenye jibini? Napika Kigoma, naomba ushauri

Mpishi wa Kibirizi

Habari za majukumu wakuu.

Napika kwenye nyumba ya wageni hapa Kigoma mjini. Wageni wetu wengi ni watafiti na watalii wanaosubiri boti ya kwenda Gombe au Mahale. Samaki nawapikia watakavyo: mgebuka wa kuchoma, kuhe wa mchuzi, dagaa wa kukaanga kwa mawese, na sahani zinarudi tupu. Lakini kundi likishakaa siku mbili tatu linaanza swali lile lile: dada, jibini ipo? Siku ikiwapo, mtu mzima anamwacha kuhe aliyetoka ziwani asubuhi anahamia kwenye mkate na kipande cha jibini.

Mimi mwenyewe naionja. Nasikia chumvi, mafuta, na harufu ya maziwa yaliyolala. Siichukii, ila sijaona kinachomfanya mtu aiulizie namna ile. Na bei mnaijua. Inasafirishwa kutoka mbali, ikifika huku imeshapanda, na joto la njiani limeifanya itoe mafuta juu.

Nina maswali mawili. La kwanza, kwa nini watu wanaipenda kiasi hiki? Nataka sababu ya kweli, maana mpishi asiyejua mlaji anafuata nini anapika kwa kubahatisha. La pili, nifanyeje niielewe mdomoni mwangu, niweze kuipikia badala ya kuikata vipande tu na kuiweka mezani? Karibuni.

Mwana wa Ujiji

Dada, ni mazoea tu. Wamelelewa nayo. Mtoto wa Kigoma naye mpeleke Ulaya, mwezi hauishi ataulizia dagaa.

Mwalimu Ipuli

Niko Tabora, nafundisha sayansi. Mazoea yapo, lakini hayatoshi kueleza, na huo mfano wa dagaa una ukweli mkubwa kuliko alivyokusudia ndugu yetu.

Anza na maziwa. Kupata kilo 1 ya jibini ngumu kama cheddar unahitaji takribani lita 10 za maziwa. Maji mengi yanatoka, yanabaki mafuta na protini. Kwenye cheddar, karibu theluthi moja ni mafuta na robo ni protini, halafu inatiwa chumvi. Mwili wa binadamu umeumbwa kutafuta vitu hivyo, kwa sababu kwa sehemu kubwa ya historia yetu vilikuwa adimu. Kipande kidogo mdomoni kinaleta shibe nyingi kwa mkupuo mmoja, na ubongo unaiweka kumbukumbu hiyo.

Cha pili ni ladha ya tano. Tunajua tamu, chumvi, chachu na chungu. Mwaka 1908 mwanasayansi wa Japani, Kikunae Ikeda, aliitenga glutamati kutoka kwenye supu ya mwani, akaonyesha kwamba ina ladha yake peke yake. Akaiita umami. Ni ule utamu wa mchuzi unaokufanya ulambe kidole ingawa hakuna sukari. Jibini inapowekwa miezi mingi, protini yake inavunjika taratibu na glutamati inaachiwa huru. Parmesan iliyokaa sana ina zaidi ya gramu 1 ya glutamati huru kwa kila gramu 100. Vyakula vinavyofikia hapo ni vichache mno.

Sasa turudi kwenye dagaa. Dagaa wa Tanganyika ni jamii ya sardini. Wajapani hukausha samaki wa jamii hiyo hiyo wakatengenezea supu, kwa sababu samaki mkavu ana inosinati, kitu kinachoiongezea nguvu glutamati zikikutana. Kwa hiyo unapochemsha dagaa wakavu na nyanya (nyanya mbivu ina glutamati ya kutosha), unaitafuta ladha ile ile ambayo mgeni wako anaitafuta kwenye jibini. Ulimi wako umeshaizoea, ni vile tu inaingilia mlango mwingine.

Mpishi wa Kibirizi

Mwalimu, hapo umenifungua macho. Kumbe ndiyo maana wanaikwangulia juu ya tambi zenye nyanya!

Mzee wa Reli

Nilisoma mahali kuwa jibini ina kilevi ndani yake, ndiyo maana mtu akianza haachi. Tena wanasema inafanya kazi kama dawa za kulevya. Dada, kuwa makini na hao wageni.

Mwalimu Ipuli

Mzee wangu, shikamoo. Hilo limesambaa sana, lakini limetiwa chumvi. Protini kuu ya maziwa inaitwa kaseini. Ikimeng'enywa tumboni hutoa vipande vidogo viitwavyo kasomofini, na ni kweli vipande hivyo vinaweza kujishika kwenye vipokezi vile vile vinavyopokea dawa za jamii ya afyuni. Ila kutoka hapo mpaka kusema mtu mzima analevywa ni safari ndefu, na ushahidi thabiti kwamba vinafika kwenye ubongo kwa kiasi cha kumteka mtu haupo.

Habari yenyewe ilipata moto mwaka 2015, watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walipowauliza watu ni vyakula gani vinawashinda kujizuia. Pizza ilikuwa juu kabisa. Magazeti yakachukua jibini iliyo kwenye pizza yakaandika kwamba ni dawa ya kulevya. Utafiti ulichosema ni kwamba vyakula vilivyosindikwa, vyenye mafuta mengi na wanga uliokobolewa kwa pamoja, ndivyo vinavyoshika watu. Mgeni wa dada anapenda kitu kitamu, basi.

Nesi Gungu

Naongezea la kwangu. Jibini ngumu nyingi zina kati ya gramu 1.5 na 2 za chumvi kwa gramu 100, na nyeupe zile zinazolowekwa kwenye maji ya chumvi zinapita hapo. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 za chumvi kwa siku nzima. Kwa mgeni wa siku tatu si neno. Kwa mwenye presha anayeanza kuizoea kila asubuhi, ni la kuangalia. Ukipikia jibini, punguza chumvi ya chunguni.

Mfugaji Igunga

Sisi tuna ng'ombe miaka yote na jibini hatukuwahi kutengeneza. Maziwa yakizidi tunagandisha, tunasukasuka kwenye kibuyu, tunatoa siagi, siagi inakuwa samli, na samli inakaa miezi. Nikisikia watu wanasema Mwafrika hapendi jibini kwa sababu hajui maziwa, nakataa kabisa. Tulitafuta njia yetu ya kuyatunza.

Ila naomba kuuliza. Mke wangu akinywa maziwa mabichi tumbo linavurugika, mtindi hapana, na juzi alikula jibini kwenye sherehe mjini hakupata shida yoyote. Inakuwaje?

Mwalimu Ipuli

Swali zuri, na hapo ndipo ilipo sababu ya zamani kabisa ya watu kupenda jibini.

Maziwa yana sukari iitwayo laktosi. Mtoto mchanga anayo laktasi, kimeng'enya cha kuivunja, lakini kwa watu wazima walio wengi duniani kimeng'enya hicho hupungua. Laktosi isipovunjwa inaenda kuchacha kwenye utumbo mpana, ndipo tumbo linaunguruma. Kwenye mtindi bakteria wameshaila sehemu yake. Kwenye jibini nyingi yake inatoka na yale maji yanayomwagwa, na kiasi kinachobaki kinaliwa na bakteria jinsi jibini inavyokomaa. Jibini ngumu iliyokaa inabaki na laktosi kidogo sana.

Huko Poland walichimbua vyungu vyenye matundu, vya zaidi ya miaka 7,000 iliyopita, vikiwa bado na mabaki ya mafuta ya maziwa. Vilikuwa vya kuchujia jibini. Wakulima wa Ulaya wa wakati ule wengi wao walikuwa hawawezi kuyavumilia maziwa mabichi, kama mkeo. Jibini iliwapa chakula kitokanacho na maziwa ya ng'ombe bila tabu ya tumbo, na kikakaa mpaka msimu wa baridi. Jamii ikishakishikilia chakula hivyo kwa vizazi, watoto wanazaliwa wanakikuta mezani.

Na usidhani ni wao tu waliobadilika. Mwaka 2007 Sarah Tishkoff na wenzake walichapisha utafiti uliohusisha watu wa Tanzania, Kenya na Sudan, wakakuta wafugaji wa ukanda wetu wana badiliko lao la vinasaba linalowawezesha kunywa maziwa ukubwani. Ni tofauti na la Ulaya, lilizuka peke yake huku.

Mfugaji Igunga

Ahsante sana mwalimu. Nitamsomea.

Mama Shukuru

Mbona hakuna anayesema kuhusu harufu? Mimi ndiyo inayonishinda. Nyingine zinanuka soksi.

Nesi Gungu

Mama, hujakosea. Zile zinazooshwa ganda kwa maji ya chumvi, kama Limburger, zinakuzwa na bakteria wa jamii moja na wale wanaokaa kwenye ngozi ya miguu yetu. Mtafiti Bart Knols na mwenzake walionyesha kuwa mbu jike wa malaria, Anopheles gambiae, anaivutikia harufu ya Limburger sawa na anavyovutiwa na miguu ya mtu.

Na hata Ufaransa kwenyewe wapo wasioiweza. Mwaka 2016 watafiti wa Lyon waliwahoji watu 332, na asilimia 11.5 walisema jibini inawatia kinyaa. Usijilazimishe.

Abiria wa Kalemie

Dada mpishi, mimi navuka ziwa kibiashara. Ng'ambo huko wanaipenda na ni Waafrika wenzetu. Milima ya Masisi, Kivu Kaskazini, ina jibini inayoitwa ya Goma, mviringo wa manjano. Mapadri kutoka Ulaya ndio walioanzisha, leo wanatengeneza wafugaji wenyewe. Nimeila Bukavu kwa ndizi za kuchoma, jioni, kwa watu ambao Ulaya hawajaiona hata siku moja. Na hapa kwetu Njombe wanatengeneza. Kwa hiyo hilo la kusema ni chakula cha Wazungu tuliweke pembeni.

Cha kufanya: jitengenezee. Chemsha maziwa, kamulia ndimu, yachuje. Ukishapata bonge lako weka juu ya pizza, wageni watafurahi.

Fundi Maziwa

Hapo kwenye pizza nakataa, mkuu. Jibini ya ndimu haiyeyuki. Itakauka na kuungua, haitavutika. Jibini inayovutika imegandishwa kwa reneti, yaani kimeng'enya cha kugandishia maziwa, na uchachu wake umepimwa, kiasi kwamba ule wavu wa protini unalegea ukipata moto. Asidi nyingi inazifanya protini zishikane zenyewe kwa zenyewe na hazilegei zikipata moto, kwa hiyo bonge linabaki bonge.

Lakini udhaifu huo ndio faida yako dada, kwa sababu unaweza kuikaanga. Fanya hivi. Chukua lita 5 za maziwa ya ng'ombe yasiyochanganywa maji, yale ya kutoka Buhigwe au Kasulu yatafaa. Pasha mpaka yaanze kupanda, epua. Mimina maji ya ndimu kidogo kidogo huku unakoroga polepole. Utaona ghafla maziwa yanakatika: mabonge meupe yanajitenga, na maji yanakuwa na rangi ya kijani-manjano, unaona mpaka chini ya mwiko. Hapo acha, usiongeze ndimu. Chuja kwa kitambaa safi cha pamba, suuza kidogo kwa maji yaliyochemshwa, tia chumvi, funga, weka sufuria yenye maji juu yake kwa saa moja au mbili. Unapata kama robo tatu ya kilo. Kata vipande vya unene wa kidole, kaanga kwa mawese machache mpaka vishike rangi, nje vikauke na ndani vibaki laini. Weka juu ya kachumbari ya nyanya.

Kwa kuizoea, usianze na ile ya kunuka wala ile baridi ya moja kwa moja kwenye friji. Mafuta ya maziwa yakiwa baridi yanafunga harufu, unasikia chumvi tupu, na ndicho kilichokupata. Itoe nusu saa kabla. Vunja kipande kidogo, kiache kwenye ulimi kipate joto, pumua kwa pua kabla hujameza. Ladha nyingi ya jibini inapandia puani kutokea nyuma ya koo.

Mwana wa Ujiji

Hiyo reneti si inatoka tumboni mwa ndama? Ndama achinjwe na nani? Kwetu Ujiji hilo ni swali kubwa.

Fundi Maziwa

Ni swali la haki. Reneti ya asili inatoka tumbo la nne la ndama. Ipo nyingine ya kuvu, na tangu mwaka 1990 Marekani iliruhusu ile inayotengenezwa na vijidudu viwandani, na ndiyo inayotumika sana sasa. Soma karatasi ya jibini, baadhi huandika aina ya reneti. Ya ndimu haina kabisa, dada unaweza kumpa mgeni yeyote anayekula maziwa.

Mpishi wa Kibirizi

Wakuu nimerudi, na nimetengeneza. Maziwa yalikatika vile vile alivyosema Fundi, mpaka nikaita mwenzangu aje aone. Nilikaanga kwa mawese, nikaweka juu ya nyanya na vitunguu, pembeni dagaa wachache wakavu waliosagwa na pilipili. Wageni walikuwa wanne, sahani ilizunguka mara mbili. Mmoja akaniuliza ni jibini ya nchi gani, nikamwambia ni ya Kigoma.

Ile ya kununua nayo niliitoa mapema, nikaivunja, nikapumua kwa pua. Safari hii nikasikia kitu kama karanga, halafu ule utamu wa mchuzi aliousema mwalimu, unakaa nyuma ya ulimi. Sasa naelewa wanachouliza. Ya kunuka bado, Mama Shukuru tuko pamoja.

Fundi, nataka kujaribu ya reneti ili niwe na ya pizza. Naanzia wapi?

Fundi Maziwa

Anza kwa kuwauliza Bodi ya Maziwa, watakuelekeza kwa wasindikaji wanaofundisha. Kabla ya reneti tafuta kipimajoto, maana bila kupima joto utapoteza maziwa. Na mpate mfugaji mmoja wa kudumu, maziwa ya leo yafanane na ya kesho. Ukivipata hivyo, rudi hapa nikupe vipimo.