Naomba ushauri: nimejitolea kuwa balozi wa kompyuta kubwa chuoni, miezi 5 watafiti hawaji

mtoto_wa_Upanga
Wakuu shikamooni wanaostahili, wengine habari za mihangaiko. Niko Marekani mwaka wa 3 wa PhD, naomba ushauri hasa kwa mliopitia vyuo vya huku.

Iko hivi, huku kuna kompyuta kubwa za utafiti zinazolipiwa na NSF (shirika la serikali ya huku linalofadhili sayansi), kama Bridges-2 ya Pittsburgh, Anvil ya Purdue, Expanse ya San Diego, na mtafiti wa chuo cha hapa anaruhusiwa kuomba muda wa kuzitumia bila kutoa hata senti, maombi yanapitia ACCESS, mpango wa kugawa huo muda, ambao ulichukua nafasi ya ule wa zamani, XSEDE, mwaka 2022. Ili watu wajue vitu hivi vipo kuna wa kujitolea vyuoni wanaitwa Campus Champions, utaratibu umeanza 2008 enzi za TeraGrid iliyokuwepo kabla ya XSEDE, hakuna mshahara, wewe unakuwa tu mtu wa kuulizwa na kuwasaidia wenzio kuanza. Chuo chetu kidogo, hakina klasta yake (kompyuta nyingi zilizounganishwa zifanye kazi pamoja), na mi bila Anvil tasnifu yangu ingekwama zamani, ndo maana nikaomba na mimi niwe champion.

Sasa miezi 5. Nimetuma emaili idara 9, nimebandika matangazo, nimefanya semina 2 na slaidi nimezitengeneza vizuri kabisa, idadi ya prosesa, kasi, kila kitu. Semina ya kwanza walikuja wanne ya pili mmoja. Kinachoniuma watu nawaona wanateseka, kuna dada mmoja wa epidemiolojia laptopu yake inaendesha kazi wiki nzima kaibandika karatasi USIZIME TAFADHALI, na hajui kwamba kuna njia. Supavaiza wangu naye kaanza kuuliza huu muda unatoka wapi. Niache au kuna namna?

Kibo2015
Mkuu pole ila mi ningekuwa wewe ningemaliza shule kwanza. Cheti chako hakitaandikwa ulisaidia watu wangapi. Jiwekee saa 2 kwa wiki zikiisha zimeisha, na umwambie supavaiza wako hivyo hivyo kabla hajakuuliza mara ya pili.

fundi_wa_foleni
Mdogo wangu nimefanya hiyo kazi miaka 6 kwenye chuo kimoja huku, nikuambie nilivyokosea mimi. Nilianza kama wewe, nawaeleza mashine. Mtu wa epidemiolojia ukimwambia prosesa laki moja na kitu haoni inamhusu nini, yeye anachowaza ni lile jedwali la sura ya 4 ambalo halijatoka. Acha slaidi. Nenda kwa huyo dada wa karatasi, kaa naye, muulize hiyo kazi inafanya nini, inachukua muda gani, na angekuwa na muda zaidi angefanya nini ambacho sasa hivi ameamua kukiacha. Hilo la mwisho ndo muhimu kuliko yote, maana watu wengi wameshapunguza swali lao la utafiti likatosha kwenye laptopu na wamesahau kwamba walilipunguza.

Pili, usimpeleke kila mtu ulikopita wewe. Kama kazi yake ni vipande vingi vidogo visivyosubiriana, mfano modeli ileile inarudiwa mara elfu na namba tofauti, mpeleke OSPool, mkusanyiko wa kompyuta zinazochangiwa na vyuo, pale haandiki pendekezo la mradi, anafungua akaunti, watu wao wanamwelekeza na programu yao ya HTCondor inasambaza vile vipande kwenye mashine za vyuo mbalimbali. Kama ni kazi moja nzito inayotaka memori kubwa au GPU (chipu za kufanya mahesabu mengi kwa mpigo), hapo ndo ACCESS, aanze na ngazi ya chini kabisa inayoitwa Explore, hata mwanafunzi wa PhD anaomba mwenyewe akiwa na barua ya supavaiza. Na anayeogopa skrini nyeusi ya kuandika amri mwonyeshe Open OnDemand, ukurasa wa kutumia hizo mashine kupitia mtandao, anafungua RStudio (programu ya kuandikia R, lugha ya takwimu) ndani ya brauza kama anavyofungua emaili.

Tatu, usimwache peke yake siku ya kwanza. Mtu wangu wa kwanza nilimpa maelekezo kwenye karatasi nikaondoka, akaingia akaendesha kazi yake yote palepale kwenye nodi ya kuingilia, hakujua kwamba pale ni mlangoni tu na kazi inatakiwa itumwe kwa Slurm, programu inayogawa zamu, ikapange foleni. Wakamfungia akaunti. Aliona aibu hakurudi tena, na mpaka leo naona lile lilikuwa kosa langu, yeye hakukosea kitu.

mama_takwimu
Niko sosholojia, mi ndo hao wasiojibu emaili zenu kaka. Nilizipata kama 3 hivi nikafuta zote, si kwa dharau. Zilikuwa zinasema kompyuta za kasi kwa ajili ya utafiti wa hali ya juu, nikajua ni za watu wa fizikia, na nikaogopa nikienda ntaulizwa maswali nionekane sijui kitu mbele ya vijana. Aliyenitoa ni mwanafunzi mwenzangu aliyeniambia R yako hiyohiyo, kodi yako hiyohiyo uliyoiandika (code), inaenda tu kukaa kwingine. Ningeambiwa hivyo tangu mwanzo ningeenda.

Mwalimu_wa_Ruiru
Hapo kwa data muwe makini sana, kama ni rekodi za wagonjwa hazifai kuenda OSPool kabisa, muulize kabla ya kitu ingine yoyote.

Nasoma hii uzi nikikumbuka Ranger, kompyuta kubwa ya Texas, iliwashwa 2008 ikastaafu 2013, halafu raki zake (makabati yenye mashine) zikasafirishwa mpaka Afrika Kusini zigawiwe vyuo vya kanda ya SADC. Huku kwetu vile mimi naona, chuma inaweza kupatikana, shida ni ule mtu wa kukaa chini na mtafiti mpaka kazi yake ya kwanza itoke. So usiache, na ukirudi nyumbani ujue hiyo ndiyo kazi tunakungojea nayo.

mtoto_wa_Upanga
Asanteni sana, nimerudi na mrejesho baada ya wiki 3.

Nilimfuata yule dada. Modeli yake inarudiwa mara 2,000, kila mara dakika 40, alikuwa anaendesha moja baada ya nyingine, yaani siku 55 laptopu isizime, na kumbe ilishawahi kujizima yenyewe katikati akaanza upya!! Namba zote za kubuni hakuna mgonjwa humo, Mwalimu nilikumbuka kuuliza. Tukafungua akaunti OSPool, tukatuma 10 kwanza za majaribio, 3 zikafeli sababu kifurushi kimoja cha R hakikuwepo huko, tukatengeneza kontena (faili moja lenye programu zote kazi inazohitaji), jioni ya siku ya pili tukatuma zote. Asubuhi kanipigia kabla sijaamka, zaidi ya 1,700 zimemaliza. Alikuwa analia jamani.

Karatasi ya USIZIME kaitoa. Na profesa wake, ambaye emaili zangu 2 hakujibu, kaniandikia mwenyewe anataka tuonane Alhamisi, ana wanafunzi wengine wawili. Saa 2 kwa wiki nimeziweka @Kibo2015 na supavaiza kakubali.

Swali kwa fundi: mmoja kati ya hao wawili anatumia rekodi za hospitali. Naanzia wapi?

fundi_wa_foleni
Usiguse faili hata moja na usikubali akutumie "sampo ndogo tu" kwenye emaili. Muulize nani pale chuoni anasimamia kibali cha hizo data, onana na huyo mtu Jumatano, ndo uende Alhamisi.