Pikipiki ndani ya vichochoro vya Mkomani, Lamu: nani mwenye hizi pikipiki?

Assalamu aleikum wanajamvi. Leo sina simile, mtanisamehe.

Jana baada ya alasiri shangazi yangu, mtu mzima wa miaka sabini na kitu, alikuwa akirudi na mikate yake ya mofa. Kichochoro chenyewe ukinyoosha mikono wagusa kuta zote mbili. Pikipiki ikamjia kwa nyuma. Hakugongwa, alhamdulillahi, ila buibui limechanika kwenye msumari na mikate ikaishia mtaroni. Kijana hata hakusimama, kapiga honi akaenda zake. Mwenye punda angalau hukupigia "simile!" ukajibanza, mkasalimiana, akapita.

Lamu hii nimekulia gari likiwa moja, la D.C., mkuu wa wilaya, na hatukufa. Pikipiki tuliambiwa zitaishia nje ya mji. Mara zikaingia barabara ya pwani, mara uwanja wa Mkunguni mbele ya Ngome, sasa ziko mlangoni kwa watu. Nyumba zetu ni mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Kwetu kila zikipita lipu yamwagika sebuleni, nafagia mimi. Halafu tunajisifu kuwa tuko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001!

Na msiniletee maneno ya "maendeleo". Ukienda Matondoni au Kipungani panda pikipiki, ni mbali, nami hupanda. Mgonjwa pia apakiwe. Lakini humu mjini, kutoka mtaa wa Langoni hadi Mkomani? Miguu imefanya nini?

Linaloniuma zaidi ni hili. Mkutano wa mtaa tumekaa mara tatu. Tumelaani vijana, tumekunywa kahawa, tumetawanyika. Baadaye nikaja kujua kwamba baadhi ya wazee waliopaza sauti kuliko wote ndio wenye pikipiki, kijana huwaletea hesabu kila jioni. Yule aliyemchania shangazi buibui anaendesha ya mtu anayeswali nami safu moja! Jina silitaji, ajijua, na humu yumo anasoma.

Maulidi hayo yaja. Zefe, yale maandamano ya Maulidi, likitoka msikiti wa Riyadha na madufu na watoto, litapisha honi?

Basi mwenye pikipiki aandike hapa chini: yako utaiegesha nje ya mji lini? Nataka siku, sitaki inshallah.