Naomba ushauri: tope linapanda kwenye kokoto za reli

Wakubwa zangu shikamooni, wenzangu habari za kazi. Mimi ni mhandisi wa njia ya reli, mwaka wa pili kazini, kwenye reli ya geji (upana kati ya reli mbili) ya milimita 1,000 hapa Tanzania. Kuna kipande cha kama mita 40, juu ya udongo mweusi wa mbuga, kila mvua ikinyesha kinatitia. Treni ikipita mataruma (mihimili iliyolala chini ya reli) yanacheza, tope linaruka kati ya kokoto.

Tumeinua reli na kushindilia kokoto mara tatu. Wiki mbili tu, pale pale. Mtaro tumeuzibua, maji bado yanatuama. Nimeomba mwendo upunguzwe, maana roho haitulii.

Nikitoa kokoto zote na kutandika kitambaa cha kuchuja, kile kinachopitisha maji na kuzuia tope, kitasaidia kabla ya kuchimba mtaro zaidi? Na mchanga ukae juu yake au chini?