Tupeane uzoefu: kutengeneza mashine ya theluji ya trekta ya bustani kabla baridi haijaingia

Spana13: Wakuu, majani yameanza kupukutika na mashine ya kutupa theluji bado imelala bandani. Msimu uliopita theluji ya kwanza ilikuta puli ya kukazia mkanda imeganda kwa kutu. Mkanda ukaungua, tukabaki na harufu ya mpira na njia imeziba hadi magotini. Mnaotengeneza mapema, mnaanzia wapi?

MzeeWaGrisi: Anzia kwenye pini zinazofunga parafujo kwenye shafti yake. Zichomoe zote kwenye parafujo ya mbele, ile skrubu kubwa inayokusanya theluji, kisha izungushe kwa mkono. Ikizunguka yenyewe juu ya shafti, safi, piga grisi. Ikigoma, ujue kutu imeishikanisha na shafti, na hapo pini haina kazi tena: ukigonga jiwe, kishindo chote kinaishia kwenye giaboksi. Yangu niliikuta hivyo. Nikamwagia mafuta ya kulegeza kutu, nikapasha moto, nikagonga, nikaiacha ilale, nikarudia. Ilipoachia nilipiga kelele mpaka mke wangu akatoka mbio akidhani nimeumia.

BoltiNgumu: Pini ni usumbufu. Weka bolti ya chuma kigumu, sahau.

MzeeWaGrisi: Ndugu, usipotoshe watu. Pini imefanywa laini makusudi, ikatike yenyewe giaboksi ipone.

BoltiNgumu: Yangu inadunda miaka yote.

Kipupwe: Hujakutana na jiwe, mkuu. Omba msikutane.

MamaWawili: Samahani nawakatisha. Shemeji yangu, bomba la kutupia lilijaa theluji ile nzito ya majimaji. Akazima injini, akaingiza mkono. Kumbe feni ya kurushia theluji ilikuwa imebanwa na theluji huku mkanda ukiwa bado umevutika. Alipolichomoa lile bonge, feni ikajizungusha. Injini imezimwa jamani! Mimi ndiye niliyevua skafu nikamfunga, nikaushikilia mkono wake juu njia nzima hadi hospitali, naye ananiuliza vidole viko wapi. Mpaka leo vifungo vya shati anafungwa na mkewe. Nawasihi, tumieni fimbo. Hata kama imezimwa, fimbo.

Kipupwe: Pole sana dada. Waliweza kuvirudisha?

MamaWawili: Kimoja. Kingine hapana.

Tairi4: Nimesoma hapa nikainuka, nimeenda kufunga fimbo kwenye mashine kwa waya.

BoltiNgumu: Pole dada. Hilo la fimbo naungana nanyi.

Tairi4: Turudi kwenye matengenezo: mwageni petroli ya zamani yote. Ndiyo inayoziba kabureta.

Kipupwe: Si lazima. Mimi natia dawa ya kuhifadhi petroli, naacha injini ingurume kidogo ifike kwenye kabureta. Inawaka.

Tairi4: Mwaga tu, mkuu. Na minyororo ya tairi na uzito wa nyuma msisahau. Mashine ikining'inia mbele, tairi za nyuma zinateleza bure.

Spana13: Giaboksi inavuja kwenye sili, ule mpira wa kuzuia uvujaji. Oili au grisi?

MzeeWaGrisi: Angalia kitabu chake, zinatofautiana. Badilisha sili kwanza.

Spana13: Nimechomoa pini. Kushoto inazunguka, kulia imeganda kabisa.

MzeeWaGrisi: Anza kumwagia leo, usingoje wikiendi. Na kabla hujaigusa tena, chomoa waya wa plagi ya injini.