Mchezo wa kriketi wa mezani: hesabu imekubali, shemeji amesinzia

Ova_ya_Mwisho

Wakuu, salaam.

Mwezi wa nne huu nachonga mchezo wa kriketi wa kuchezwa mezani. Watu wawili, ova 20 kila upande (ova moja ni mipira sita), dadu mbili, jedwali moja na daftari la alama. Dadu nyekundu inasomwa makumi, nyeupe mamoja, kwa hiyo ukirusha unapata chochote kati ya 11 na 66, vyumba 36 kwa jumla. Nimevigawa hivi: 2 ni wiketi (mpigaji nje), 11 mpira mtupu (hauna mkimbio), 13 mkimbio mmoja, 3 mikimbio miwili, 4 nne, 2 sita, na kimoja waidi (mpira uliopita mbali na mpigaji: mkimbio mmoja, na unarushwa tena). Pigeni hesabu wenyewe. Inatoka mikimbio kama 165 kwa ova 20, na wiketi karibu 7. Ukimpa mtu daftari langu bila kumwambia limetoka wapi, ataapa kuwa ni mechi iliyochezwa nyasini.

Nilifika hapo kwa jasho. Toleo la kwanza lilikuwa na dadu moja tu, na uso mmoja ulikuwa "nje". Wachezaji wangu walikuwa wanaanguka kama maembe kwenye upepo.

Sasa tatizo. Jumapili nilimkalisha shemeji, mtu anayeijua kriketi kuliko mimi. Alirusha dadu vizuri tu mpaka ova ya 9, kisha akaziweka mezani, akaniangalia.

"Shemeji, hebu niambie. Mimi hapa kazi yangu ni nini?"

Nikamwambia wewe ndiye unayepiga.

"Hapana. Dadu ndiyo inayopiga. Mimi naitikisa tu."

Sikuwa na jibu, na sina mpaka leo. Tulimaliza ile mechi kwa heshima, saa mbili na dakika 20, na ova tano za mwisho alikuwa anarusha huku amefumba macho. Mechi nzima ni mirusho 240 na zaidi, na katika yote hiyo hakuna hata mmoja ambapo mtu aliamua jambo.

Nikijaribu kuweka maamuzi kila mpira (mrushaji achague urefu wa mpira, mpigaji achague pigo), mechi inakwenda saa nne. Nikiyaondoa, tunabaki makarani. Kuna aliyepita njia hii? Na jingine linaloniudhi: mpigaji namba 11, wa mwisho kabisa, anapiga sawasawa na mfunguzi anayeanza, na aliyekwisha kupata 60 anatoka kirahisi kama aliyeingia sasa hivi. Kwenye uwanja wa kweli aliyeuzoea mpira si mtu yule yule.

---

Penseli_Mbili

Rudi kwenye penseli, ndugu yangu. Penseli ya pembe sita, unachonga 1, 2, 3, 4, 6 na "nje" kwenye kingo, unaiviringisha chini ya dawati mwalimu hakuoni. Ya pili inaamua umetokaje: kudakwa, kuangushiwa wiketi (vile vijiti vitatu vya nyuma yako), mguu mbele ya wiketi, na kadhalika. Watoto wamecheza hivyo miaka na miaka, hakuna aliyeuliza kazi yake ni nini.

---

Ova_ya_Mwisho

Penseli ndiyo toleo langu la kwanza, mkuu! Nje mara moja kwa mipira sita, basi timu nzima, yaani wiketi 10, inaisha kwa mipira 60 hivi. Na kwa kila mipira sita unapata 1+2+3+4+6, yaani 16. Jumla inakuja 160, unasema safi kabisa, halafu unatazama unakuta zimetumika ova 10 tu. Jumla ya kweli, mechi ya uongo. Kuhusu mtoto kutouliza, mtoto ana mwalimu wa kumkwepa. Hayo yenyewe ni maamuzi.

---

Karani_wa_Alama

Dada/kaka, jedwali lako ni zuri. Kosa, kwa maoni yangu, ni kudhani kuwa kipimo cha mchezo ni mpira mmoja. Nahodha hakai anaamua mpira mmoja mmoja. Anaamua ova. Nani arushe ova hii, na nani nimweke akiba?

Kumbuka sheria: kwenye mechi ya ova 20, mrushaji mmoja haruhusiwi kuzidi ova 4. Hapo mchezo wako tayari umelala, wewe unaurukia. Mpe kila nahodha karata 20, nne nne za warushaji watano, na hairuhusiwi mmoja kurusha ova mbili mfululizo. Mrushaji bora ana karata nne tu. Utazimwaga mwanzoni wakati wafunguzi wao bado wanatafuta macho, au utazificha mpaka mwisho wanapoanza kupiga ovyo? Nimeona mechi za kweli zikipotea kwa sababu nahodha alibaki na ova ya mtu wake bora mfukoni, timu nyingine imekwisha kushinda.

Ukisharusha ova nzima kwa mara moja, muda unapungua wenyewe. Hesabu ya kuhama ni hii. Wiketi zako ni 2 kwa 36, yaani moja kwa mipira 18. Ova isiyo na wiketi ni 17/18 kuzidishwa yenyewe mara sita: karibu 71 kwa 100. Yenye wiketi moja, 25 kwa 100. Mbili au zaidi, 4 kwa 100. Kwenye vyumba 36 hiyo ni 25 bila wiketi, 10 zenye moja, 1 yenye mbili. Kwa ova 20 unapata wiketi 6.7, pale pale ulipokuwa.

Ova 16 za kwanza zirushe hivyo. Nne za mwisho rudi mpira kwa mpira, maana hapo ndipo watu husimama vitini. Jumla, pande zote mbili: mirusho 80. Kutoka 240.

Kuhusu aliyeuzoea mpira, uko sahihi, lakini jihadhari usiongeze chumvi. Hata uwezekano ukiwa ule ule kwa kila mpira, wachezaji wengi watatoka na alama chache na wachache watakwenda mbali, ndivyo hesabu ilivyo. Juu ya hapo ongeza kidogo tu kwa mgeni. Don Bradman mwenyewe, mpigaji mkubwa wa Australia, mwaka 1948 kwenye uwanja wa The Oval, London, aliingia akihitaji mikimbio 4 tu wastani wake wa maisha kwenye mechi za kimataifa za siku tano ufike 100 kamili. Eric Hollies, mrushaji wa Uingereza, akamwangushia wiketi mpira wa pili. Sifuri. Ndiyo maana mpaka leo tunasoma 99.94. Mchezo wako ukimlinda mkubwa asitoke na sifuri, umeua kitu.

---

Vidole_Sita

Naona mmesahau mchezo ambao hauna dadu kabisa na umejaa maamuzi: kriketi ya vidole. Wawili mnatoa vidole kwa pamoja, 1 hadi 6 (sita ni dole gumba). Vikilingana, mpigaji nje. Visipolingana, mpigaji anapata idadi aliyoonyesha. Basi. Hakuna anayesinzia, kwa sababu kila mara unamsoma mwenzako: ametoa sita mara mbili, atathubutu ya tatu?

Niliwahi kukaa usiku mzima nikitafuta namna bora ya kuucheza. Tuseme mpigaji ana wiketi moja. Mrushaji akigawa vidole vyake sawa kwa sawa, mpigaji mjanja atatoa sita tu maisha yake yote. Kwa hiyo mrushaji lazima aitegee sita zaidi: karibu mara 26 kwa 100, na moja aitoe mara 5 au 6 tu. Hiyo niliitarajia. Kilichonishangaza ni upande wa mpigaji. Yeye anatakiwa kugawa karibu sawa, na akielemea popote, aelemee moja: kama 19 kwa 100, na sita chini ya 15. Ukifanya hivyo nyote wawili, mpigaji anapata wastani wa mikimbio kama 17 hivi. Yaani tamaa ya sita inamfunga mrushaji zaidi kuliko mpigaji. Nimemwonyesha kila ninayecheza naye na hakuna aliyeniamini, wote wanaendelea kutoa sita na mimi naendelea kuwatoa.

Chukua roho hiyo uipeleke kwenye ova. Kabla ya dadu, mpigaji analaza karata kifudifudi: *zuia*, *zungusha* au *shambulia*. Nahodha analaza yake: wadakaji *karibu* au *mbali*. Zinafunuliwa pamoja. Akishambulia wakati wadakaji wako mbali, imekula kwake. Akizungusha wakati wako mbali, anaokota mikimbio ya bure. Na ova 6 za mwanzo sheria inaruhusu wadakaji wawili tu nje ya duara lililochorwa uwanjani, basi karata ya *mbali* haitumiki mpaka ova ya 7. Ona mechi inavyopata sura mbili bila kuandika kanuni mpya.

Dadu iamue bahati, isiamue nia.

---

Siku_Tano

Mimi ni wa mechi za siku tano, na nasikitika kuwa kila mtu siku hizi anatengeneza mchezo wa ova 20. Najua kisa: siku moja ni ova 90, siku tano ni 450, mipira 2,700. Hakuna meza itakayovumilia. Lakini huko ndiko kuna maamuzi halisi! Nitangaze zamu yetu imefungwa saa ngapi? Wakibaki nyuma kwa 200, niwarudishe wapige tena, au warushaji wangu wamechoka? Mpira mpya unapatikana baada ya ova 80, niuchukue sasa au nimwache mrushaji wa mipira ya kuzunguka aendelee na huu uliochakaa?

Angalau tia mvua. Na ukitia mvua usifanye kama walivyofanya kwenye nusu fainali ya Kombe la Dunia ya 1992, Sydney: Afrika Kusini walihitaji mikimbio 22 kwa mipira 13, mvua ikanyesha dakika chache, waliporudi ubao ukawaonyesha 22 kwa mpira mmoja. (Baadaye ikasemwa ni 21, kana kwamba ingesaidia.) Ndipo Frank Duckworth na Tony Lewis wakaja na kanuni yao, iliyoanza kutumika 1997. Msingi wake ungekufaa hata bila mvua: timu ina vitu viwili vya kutumia, mipira iliyobaki na wiketi zilizobaki, na thamani ya kimoja inategemea kingine. Wiketi 9 mkononi na mipira 6 imebaki, umezizika hai.

---

Karani_wa_Alama

Mzee Siku_Tano, mvua kwenye toleo la pili tafadhali. Mtu hajamaliza kupaua nyumba unamletea mapazia.

---

Ova_ya_Mwisho

Nimerudi. Samahani kwa kimya, nilikuwa nakata karata kwa mkasi wa kushonea.

Nimechukua karata 20 za warushaji, jedwali la ova la 25/10/1, na vificho vya Vidole_Sita. *Shambulia* inaongeza mikimbio 4 kwa ova na vyumba 5 vya wiketi. Wadakaji wakiwa *mbali* wanakula hiyo 4 yote. *Zuia* inaondoa vyumba 5 vya wiketi na nusu ya mikimbio. *Zungusha* dhidi ya *mbali*, 2 za bure. Kwa aliyeuzoea mpira nimefanya hivi: kila ova anayoimaliza akiwa amezuia au kuzungusha, anapata kete moja, zisizidi tatu. Wiketi ikitokea, anaweza kulipa kete moja arushe tena. Mshambuliaji hapati kete. Namba 8 hadi 11 hawaruhusiwi kuwa na zaidi ya moja. Mgeni hana kitu, kwa hiyo Bradman wenu anaweza kutoka na sifuri bila kizuizi.

Nikampigia shemeji. Alikuja akiwa na sura ya mtu anayetimiza wajibu.

Ova ya 3 akauliza kama anaweza kuona karata zangu zilizotumika. Nikamwambia ziko wazi mezani. Akaanza kuzihesabu kwa kidole, midomo ikitembea. Ova ya 7, mara tu *mbali* iliporuhusiwa, nikailaza nikiwa na uhakika atashambulia, maana nilimwona anachekacheka. Alikuwa amelaza *zungusha*. Nikafanya hivyo tena ova ya 8. *Zungusha* tena. Ya 9 nikasogeza wadakaji karibu, akashambulia, 14.

Alimaliza na mikimbio 171 kwa wiketi 6. Mimi nikafika ova ya 20 nikihitaji 9, na hapo nikagundua kuwa karata ya nne ya mrushaji wake bora sijaiona mezani. Aliitoa polepole mno, akaigeuza kwa ukucha. Mipira mitano ikanipa 7. Wa mwisho nahitaji 2 kushinda, 1 kufungana. Dadu nyekundu 1, nyeupe 2. Mpira mtupu.

Dakika 55, pamoja na chai.

Kasoro ninazoziona: *zuia* haina kazi kwenye ova 20, hakuna aliyeilaza hata mara moja baada ya ova ya 4. Labda kete mbili badala ya moja? Au Mzee Siku_Tano ndiye mwenye haki na karata hiyo inasubiri mechi yake. Na ile *mbali* dhidi ya *shambulia* nadhani ni kali mno, mpigaji anabaki na hatari bila faida yoyote.

Ningewawekea jedwali lote hapa, lakini shemeji ameondoka na daftari. Anasema anataka kuchunguza kitu kwenye ova ya 9.