Mabati ya kukunja bila misumari, yanafaa karibu na bahari?

Wadau, najenga Kigamboni, fundi anasema niweke yale mabati yanayokunjwa kingo yakashikana, hayatobolewi kabisa. Kwa majirani naona kutu inaanzia palepale kwenye tundu la msumari. Yanalipa kweli?

— Yanalipa sana kaka, yanashikwa na klipu zimejificha ndani ya mkunjo, jua likiwaka bati linatanuka linateleza taratibu halichaniki, ila kwa chumvi ya hapo chukua alumini, achana na lile bati jembamba la chuma la geji 30 (kipimo cha unene) la kawaida.

— Mi naipenda ya shaba

— Shaba nzuri ila bei balaa. Inakuwa kahawia halafu kijani, na hiyo kijani ndo inailinda. Usiweke gata la bati la zinki chini yake, maji yanayotoka kwenye shaba yatalila.